Migunga Yetu na Udugu Wake

Hapa kwetu Ziba, na katika Wilaya yote ya Igunga, jina mgunga hupewa miti mingi ya miiba. Mtu akikuambia, "Chemsha gome la mgunga unywe kwa kikohozi," yakupasa umwulize kwanza: mgunga upi? Katika somo hili nataka kuwaelezeni jinsi wataalamu wanavyotafuta udugu wa miti hiyo kwa DNA, na faida tunayopata sisi.

Mwaka 1754 Philip Miller wa Uingereza aliandika jina Acacia kuwa jina la jenasi. Baadaye wataalamu waliingiza humo kila mti wa jamii hii wenye maua ya stameni nyingi zisizoungana. Hata jenasi hiyo ikawa na spishi zaidi ya 1,300, za Afrika, Asia, Amerika na Australia. Waliipanga kwa kutazama miiba, maua na mbegu. Mimea mingi waliyoitazama ilikuwa imekaushwa na wasafiri. Mmoja wao ni James Augustus Grant, aliyekuwa na Speke katika njia ya misafara ya Unyamwezi mwaka 1861, akakusanya mimea ambayo baadaye ilichunguzwa Uingereza.

Sasa tuone DNA ni nini. Ndani ya kila chembe hai mna uzi mwembamba sana wenye maagizo ya urithi. Maagizo hayo ni kama maandishi ya herufi nne tu: A, T, G na C. Mti hurithi maandishi hayo kwa wazazi wake, lakini mara chache sana herufi moja hubadilika, na badiliko hilo hupita kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo miti iliyotengana zamani sana kwa kawaida ina tofauti nyingi, na iliyotengana karibuni ina chache. Sehemu ya uzi iliyochaguliwa kwa kulinganisha huitwa alama ya DNA. Kwa mimea, sehemu mbili zitumikazo sana ni rbcL na matK, zilizomo katika kloroplasti, yaani vile vijisehemu vya kijani vya jani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Jani hukaushwa upesi, husagwa, kisha huchanganywa na dawa za kutoa DNA. Sehemu inayotakiwa hunakiliwa mara mamilioni kwa njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, ndipo herufi zake husomwa. Tazameni mfano huu, ambao herufi zake nimezitunga mwenyewe:

Mti wa kwanza: ATGCCATTGACA
Mti wa pili: ATGCCATTGATA
Mti wa tatu: ACGCTATTGGCA

Wa kwanza na wa pili wanatofautiana kwa herufi moja. Wa kwanza na wa tatu wanatofautiana kwa herufi tatu. Basi twadhani kwamba wa kwanza na wa pili ni ndugu wa karibu zaidi. Wataalamu hawatosheki na herufi kumi na mbili. Husoma mamia na maelfu.

Walipofanya hivyo kwa migunga, waliona kwamba ile jenasi moja haikuwa ukoo mmoja. Migunga ya Afrika iligawanyika katika makundi mawili makubwa, Vachellia na Senegalia, ambayo si ndugu wa karibu kama ilivyodhaniwa. Likazuka swali: nani abaki na jina Acacia? Mti uliokuwa kielelezo cha jina hilo ni ule uitwao sasa Vachellia nilotica, wenye gome jeusi la nyufa na maua ya manjano. Lakini kwa kuwa Australia ina spishi karibu 1,000, mkutano wa wataalamu uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliipa Australia jina hilo, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukathibitisha. Wengi wa Afrika hawakupendezwa.

Mwanafunzi asiye na mashine aweza kuyatambua makundi haya kwa macho. Senegalia za kwetu zina miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, na maua yake mengi ni marefu kama mkia. Vachellia huwa na miiba iliyonyooka, miwili miwili, na maua ya duara kama mpira. Lakini jihadharini: Vachellia tortilis ina miiba iliyonyooka na iliyopinda katika tawi moja. Hapo maua yake ya duara ndiyo yatakayowaongoza.

Je, haya yana faida gani katika dawa? Kwanza, gome likiuzwa sokoni halina jani, mwiba wala ua. Likiwa unga, hata mzee mjuzi aweza kudanganyika. DNA yake, ikiwa haijaharibika, yaweza kueleza limetoka mti gani. Pili, ndugu wa karibu mara nyingi huwa na kemikali zinazofanana, hivyo mtafiti hujua aanzie wapi.

Lakini DNA haisemi kwamba dawa inaponya, wala haitoi kipimo cha kunywa. Hayo yahitaji uchunguzi mwingine, na mgonjwa yampasa aende hospitali. Tena, katika mimea mingi kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake. Mti chotara hauwezi kujulikana kwa alama hiyo tu. Ni lazima kusoma pia DNA ya kiini cha chembe.

Wazee wetu wanazitambua spishi hizi kwa majina ya Kinyamwezi na Kisukuma, na mara nyingi majina hayo hutenganisha miti ambayo Kiswahili huiita mgunga tu. Mzee akifariki na sisi tumeandika "mgunga" peke yake, elimu yake imepotea, na hakuna mashine itakayoirudisha. Basi mzee akikufundisha dawa, chukua kijitawi chenye jani, mwiba na ua. Kikaushe kati ya karatasi za gazeti, ukiandike jina alilokitaja, mahali na tarehe.

Maswali:
1. Kwa nini miti miwili yenye miiba yaweza isiwe ndugu wa karibu?
2. Tafuta migunga mitatu karibu na shule. Ipi ni Vachellia, na ipi ni Senegalia? Toa sababu.