Senti ya Shaba ya Mwaka 1943: Sumaku, Mizani na Tarakimu ya Mwisho

Mlaji anayeoneshwa sarafu ya kale na kuambiwa kuwa ina thamani ya mamilioni huwa na swali moja: je, ni kweli? Katika somo hili tumeichagua senti ya Marekani yenye sura ya Rais Abraham Lincoln na mwaka 1943, kwa kuwa ndani yake ukweli na uongo vimekaa karibu mno.

Mwaka huo, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, Marekani iliihitaji shaba kwa ajili ya zana za kivita. Senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, nazo zikawa na rangi ya kijivu. Zilitolewa zaidi ya bilioni 1. Hata hivyo, visahani vichache vya shaba vilivyosalia tangu mwaka 1942 yaelekea vilikwama katika vyombo vya kiwandani, vikachanganyika na vile vya chuma na kupigwa chapa ya mwaka mpya. Sarafu halisi za kosa hilo zinazojulikana hazifiki 50.

Mojawapo aliipata mwanafunzi wa Massachusetts mwaka 1947, katika chenji ya chakula cha shuleni. Alipouliza serikalini, inaelezwa kuwa alijibiwa kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. (Sisi watumishi wa umma tunalisoma jibu hilo kwa unyenyekevu.) Kijana hakuiuza, aliitunza hadi uzeeni, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani kwa dola 204,000 za Marekani.

Bei ya namna hiyo ndiyo huwavuta wadanganyifu. Zamani ulienea hata uvumi kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote atakayeileta senti hiyo. Haikuwa kweli.

Udanganyifu mwepesi zaidi ni kuichukua senti ya kawaida ya chuma na kuipaka shaba. Huu hufichuliwa na sumaku: chuma hunasa, shaba hainasi. Mizani nayo husaidia, kwani senti ya shaba ina uzito wa gramu 3.11 na ya chuma takriban gramu 2.7. Tofauti hiyo ni ndogo, hivyo mizani ya dukani haitaiona. Ombeni ya sonara.

Lakini tunaomba msomaji atulie hapa, maana wengi huishia kwenye sumaku na kutoa fedha. Yupo mghushi anayeichukua senti halali ya shaba ya mwaka 1948 na kuichonga tarakimu ya 8 upande wa kushoto hadi ifanane na 3. Sarafu hiyo hainaswi na sumaku, na uzito wake ni sahihi. Kilichobaki ni tarakimu yenyewe. Katika senti halisi za 1943, mkia wa 3 ni mrefu na hushuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine. 8 iliyochongwa haina mkia huo. Itazameni kwa kioo cha kukuzia, mkiilinganisha na senti ya chuma ya mwaka huohuo, ambayo ni ya bei ndogo. Hata ikipita hapo, ithibitishwe na mtaalamu wa sarafu asiye na maslahi katika mauzo, kwani zipo pia zilizopigwa kwa chapa za kughushi.

Muuzaji anayekataa sarafu isipimwe, au anayedai malipo ya awali kabla hamjaiona, asilipwe. Mwenye kuirithi sarafu naye asiisugue kwa ndimu wala mchanga ili ing'ae. Usafishaji huishusha thamani. Iwapo fedha zimekwisha kutolewa, tunzeni stakabadhi, ujumbe wa simu na sarafu yenyewe kama ilivyo, kisha vileteni pamoja na malalamiko yenu.