Dondoo muhimu: Kabla kiinua mgongo hakijageuka boti
Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akifika 60. Ukitaka boti ya uvuvi nawe uko kijijini Kiegei, mbali na pwani, bahari iko Lindi mjini, na tajiri (mwenye chombo) asiyefika ufukweni huletewa hesabu kwa simu.

• Mtafute nahodha kwanza, bei baadaye. Wavuvi wakishatoa gharama za mafuta, barafu na chakula, pato hugawanywa mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu, la nahodha na mabaharia. Nenda ukauone mgao huo kwa macho yako, tena wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vidogo vikilala pwani. Kaskazi, bahari ikitulia, humdanganya mgeni.

• Boti ya mbao hudai kalafati mara kwa mara. Ya faiba huvumilia, ila mashine ndiyo mla pensheni.

• Leseni ya uvuvi hulipiwa kila mwaka.

• Serikali imewahi kukopesha boti bila riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB). Ulizia kwa ofisa uvuvi kabla ya kugusa mkupuo wako.

Kwa maoni yangu, mstaafu wa bara aliyezoea korosho, si bahari, aingie ubia na mvuvi wa pwani, asinunue boti peke yake.