Ua la Kwetu, Jina la Mgeni: Saintpaulia na Pengo la Msamiati

Washairi wa Kiswahili wamezoea kumsifu mwandani kwa waridi, asumini na langilangi. Hata hivyo, mwanafunzi wa etimolojia atabaini kuwa majina haya yalitoka ng'ambo: waridi ni la Kiarabu, asumini lina asili ya Kiajemi, na langilangi lilitoka Ufilipino. Makala haya yanadai kuwa lipo kundi la maua ya asili yetu ambalo msamiati wetu umelisahau.

Kundi hilo ni Saintpaulia, mimea midogo ambayo asili yake ni Kenya na Tanzania pekee. Humea kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Majani yake hujipanga duara, yakiwa na malaika laini. Maua yake huwa ya rangi ya urujuani, na katikati hung'aa vifuko vya manjano vya chavua. Ua hili halina maji matamu ya kumlipa nyuki. Chavua hiyo ndiyo karamu yake.

Mbegu zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga. Mwaka 1893 Hermann Wendland aliupa mmea jina la ukoo wa afisa huyo. Tangu hapo umepamba madirisha ya nyumba ulimwenguni kote. Wajerumani huutaja kwa jina la Usambara; Waingereza huutaja kwa jina la Afrika nzima. Mwaka 2015 wanasayansi waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Wote hao wameubatiza, sisi je?

Swali hili si la mapambo ya lugha tu. Aina moja, teitensis, hupatikana katika kilima cha Mbololo, Taita, pekee. Nyingine, rupicola, hung'ang'ania miamba ya chokaa huko Kilifi. Msitu ukifyekwa, kivuli hutoweka na ua hukauka. Ni vigumu kukitetea kisicho na jina vinywani mwa watu.

Kwa mintarafu hiyo, wanafunzi wenzangu, kabla ya kuunda istilahi mpya tuwaendee wazee wa Taita, wa Mijikenda na wa Usambara, tuwaulize wanaliitaje ua hili, kisha tuyaingize majina yao katika kamusi na mashairi yetu. Kiswahili kilichomkaribisha waridi kutoka mbali hakikosi nafasi ya mwenyeji.