Kujiandaa kwa Nusu Marathoni: Kila Zoezi na Kazi Yake

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu ya wakimbiaji hukusanyika Moshi kwa Kilimanjaro Marathon, mashindano yaliyoanza mwaka 2003. Wengi hukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.1. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuumaliza umbali huo akijiandaa kwa wiki 12 hadi 16.

Kinachowaponza wanaoanza ni haraka. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Pumzi inakuruhusu kuongeza mwendo, huku ugoko na goti bado havijakomaa. Ndiyo maana tunashauri uchanganye mazoezi.

Linganisha

- *Kukimbia:* hujenga pumzi na kukomaza mifupa, ila kila hatua hugonga viungo.
- *Kutembea kwa kasi:* huumiza watu wachache. Kunafaa wazee, wenye uzito mkubwa na anayeanza.
- *Baiskeli na kuogelea:* huupa moyo kazi bila kugonga magoti, lakini haviikomazi mifupa kama kukimbia.
- *Mazoezi ya nguvu:* kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kupanda ngazi. Njia ya Moshi hupanda kisha huteremka, na mteremko ndio unaochosha mapaja.

Wiki moja ya mazoezi

- Jumatatu na Ijumaa: pumzika.
- Jumanne: kimbia taratibu dakika 30.
- Jumatano: baiskeli au kuogelea dakika 40.
- Alhamisi: kimbia dakika 30, ukipanda na kushuka kilima.
- Jumamosi: mazoezi ya nguvu dakika 20.
- Jumapili: mbio ndefu. Anza na kilomita 6, ongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki hadi ufike 16. Kila wiki ya nne, punguza.

Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Wiki mbili za mwisho punguza mazoezi, miguu ipone.

Chakula na maji

Saa mbili au tatu kabla ya mbio ndefu, kula chakula chepesi ulichokizoea: uji, ndizi au viazi vitamu. Kunywa maji kwa kufuata kiu. Kujilazimisha kunywa maji mengi kupita kiasi hushusha kiwango cha chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kuua.

Nenda kituo cha afya kwanza

Fanya hivyo ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari.

Simama mara moja ukiona

- maumivu au kubanwa kifua;
- kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuzimia;
- kukosa pumzi kusikoisha baada ya kupumzika;
- maumivu ya mfupa sehemu moja yanayozidi kila unapokanyaga.

Dalili tatu za kwanza ni za dharura: mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Ya nne isikandwe wala kufungwa bandeji ili uendelee kukimbia. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Kwa wasioshindana

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku tano kwa wiki, inatimiza dakika hizo.