Tenzi Mbili za Kisiwa Kimoja: Nani Anasemeshwa?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, nilipokuwa mwaka wa pili hapa Mbale tulipewa kazi ya kulinganisha mashairi mawili. Nilichora jedwali zuri. Safu ya kushoto niliandika tashbihi, sitiari na takriri za shairi la kwanza. Safu ya kulia nikaandika za shairi la pili. Nilihesabu kila kitu. Karatasi ilirudi na neno moja kwa wino mwekundu: "Kwa hiyo?"

Neno hilo liliniudhi wiki nzima. Leo naona lilikuwa somo lenyewe. Kuhesabu mbinu za mtunzi si kulinganisha. Kulinganisha ni kuuliza mbinu hiyo inafanya kazi gani, na kwa nini mtunzi huyu aliihitaji na yule hakuihitaji. Nitaeleza kwa kutumia tenzi nilizozirudia baadaye.

Kwa nini tenzi hizi

Vitu vinavyolinganishwa sharti viwe na kinachoviunganisha. Nilichagua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, na Utendi wa Mwana Kupona wa Mwana Kupona binti Mshamu. Zote zimetoka kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya. Al-Inkishafi inakadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, uliokuwa na biashara na utajiri mkubwa, ulikuwa umekwisha kudhoofika. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria. Mtunzi wake alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856.

Kwa sisi tuliokulia Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili cha tenzi hizi si chepesi. Lakini mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu asikate tamaa, kwani maneno mengi ni ya Kiarabu. Hata jina Al-Inkishafi limetokana na mzizi wa kashafa, yaani kufunua. Ni utenzi wa kufunuliwa macho.

Hatua ya kwanza: Mada na dhamira

Mada ni jambo linalozungumzwa. Dhamira ni lile mtunzi analotaka tulishike kuhusu jambo hilo. Wengi wetu tunaishia kwenye mada. Tukiishia hapo tutasema tenzi zote mbili zinahusu mauti na Akhera, na hatutakuwa tumekosea, ila hatutakuwa tumesema kitu.

Tukienda kwenye dhamira, njia zinaachana. Sayyid Abdallah anasema dunia ni mhadaifu, basi mtu arudi kwa Mola wake kabla mlango haujafungwa. Mwana Kupona anajua kwamba mauti yanakuja, naye anauliza mama ataacha nini nyuma yake. Anamwachia binti yake dini, adabu, namna ya kuishi na watu, na radhi tano: ya Allah, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mmoja anaitazama dunia ili aiache. Mwingine anaiaga, lakini anamfundisha anayebaki jinsi ya kuishi ndani yake.

Hatua ya pili: Nani anasemeshwa?

Hili ndilo swali nililolikosa katika jedwali langu. Katika Al-Inkishafi mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauita, anaulaumu, anauuliza kwa nini hauzinduki. Katika elimu ya balagha tunaiita mbinu hii tajrid: mtu anajitenga na nafsi yake, kisha anaikabili kana kwamba ni mtu mwingine. Kwa hiyo ukali wote ulio ndani ya utenzi ule unamwangukia mwenye kusema kabla haujamfikia msikilizaji.

Mwana Kupona naye anamsemesha binti yake. Anamwita akae karibu, na wino na karatasi viwepo. Ndani ya utenzi anataja kwamba amekuwa mgonjwa muda mrefu, na karibu na mwisho anaomba dua ndefu ya afya, ya watoto wake na ya jamaa zake. Nidaa yake, yaani wito wake, inanikumbusha Suratu Luqman, kuanzia aya ya 13, ambapo Luqman anamwita mwanawe mara tatu kwa tamko la kudekeza. Waliosoma sarfa wanajua tamko hilo limekuja kwa tasghir, na hapo tasghir ni ya mapenzi.

Hatua ya tatu: Picha

Sasa turudi kwenye tashbihi na sitiari, tukiwa na swali mkononi. Sayyid Abdallah anaifananisha dunia na mazigazi anayoyaona mwenye kiu, na kisima chenye ndama anayempiga pembe kila anayekuja kunywa, na vumbi linaloonekana katika mwale wa jua, ambalo ukilishika huoni kitu mkononi. Kisha anatupeleka ndani ya majumba ya Pate. Vidaka vilivyopangwa sahani za thamani sasa wamelala makinda ya ndege. Ndani ya nyumba bundi anakoroma, na kumbini wanalia wadudu. Anauliza wako wapi waliokuwa humo. Hilo ni istifham, swali lisilotaka jibu, kwa sababu jibu tunalijua: wako kaburini.

Angalia kwamba picha zake zote ni za kitu kinachoponyoka au kubomoka. Ukitaka moyo uiache dunia, lazima uuonyeshe dunia ikiteleza.

Picha za Mwana Kupona ni za kuvaa na kulea. Nasaha zake anazifananisha na kidani cha lulu na marijani atakachomvika binti yake shingoni. Mume anamfananisha na mtoto asiyejua kusema, anayehitaji kutazamwa. Hapa hakuna kinachobomoka. Kila picha inashika kitu na kukitunza.

Hatua ya nne: Umbo

Beti za tenzi zote mbili zina vipande vinne. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Lakini kipande cha Mwana Kupona kina mizani 8, ndiyo kawaida ya utenzi, na cha Al-Inkishafi kina mizani 10. Jaribu kuzisoma kwa sauti. Mizani 8 ni nyepesi, inakaa kichwani, inamfaa msichana atakayezikumbuka nasaha huku mikono ikiwa kazini. Mizani 10 inakwenda polepole, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba tupu na kusimama kila chumba.

Yaliyonifika mimi

Nitasema jambo langu, ingawa lina aibu. Mimi ni miongoni mwa vijana wanaosimama baada ya Swala kutoa mawaidha. Siku moja nilimtumia mdogo wangu wa kike, aliyeko nyumbani, beti kadhaa za Mwana Kupona kwa simu, kwa sababu nilisikia amejibizana na mama. Sikumsalimia vizuri, wala sikumuuliza kilichotokea. Nilimtumia beti tu, na chini nikaandika, "Soma, uzingatie."

Alinijibu kesho yake: "Kaka, mama huyu alikuwa anaumwa, akamwita mwanawe akae karibu naye. Wewe hujapiga simu tangu Ramadhani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua maneno ya mama kwa mtoto wake nikayafanya fimbo. Maneno yalikuwa yale yale, ila msemaji hakuwa yule, na mapenzi yaliyowekwa ndani ya wito hayakuwepo. Aya ya 44 ya Suratul Baqara, inayowakemea wanaoamrisha wema na kujisahau, nilikuwa nimeisomea wengine mara nyingi.

Nilimpigia jioni ile. Tulizungumza karibu saa nzima, na habari ya tenzi hatukuigusa. Baadaye nikaandika upya kazi yangu, safari hii bila jedwali. Nilianza na sentensi hii: Sayyid Abdallah alimkemea mtu mmoja tu, naye ni nafsi yake, Mwana Kupona alipomnasihi mwingine, alimvika kidani. Hiyo ndiyo "kwa hiyo" yangu.

Ndugu zangu, sisi tunaolingania chuoni tunazihitaji tenzi zote mbili, na kwa mpangilio huo. Ukali tuanze nao sisi wenyewe. Tukimgeukia mwenzetu, tuwe tumemkaribia kwanza.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Chagua shairi moja unalolijua kwa moyo. Nani anasemeshwa? Je, ungelisoma vipi kama angesemeshwa mtu mwingine?
2. Taja picha tatu za shairi hilo. Zinafanana kwa jambo gani, na zinaitumikia dhamira ipi?
3. Radhi tano za Mwana Kupona alizisema mama kwa binti yake. Mwanamume akizisoma, azipokeeje ili zimnufaishe yeye kwanza?

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno na kufuata yaliyo mema, na awarehemu watunzi wetu hawa wawili. Aamin.

Wabillahi tawfiq.