Kagua Taimingi Kabla ya Kupiga Stata

Gari nyingi za Likasi ni za mitumba. Kitabu cha matengenezo mara nyingi hakiji nazo, na namba ya kilomita kwenye dashibodi yaweza kuwa imerudishwa nyuma. Basi usitegemee maneno ya dalali. Mwambie fundi afungue kifuniko, muuone mkanda wa taimingi kwa macho.

Corolla za zamani zenye injini ya 4A-FE au 5A-FE hutumia mkanda. Ist yenye 1NZ-FE hutumia mnyororo, ambao nao hulegea ukikosa oili safi; usikilize ukiwasha injini asubuhi ikiwa baridi. Kwenye HiAce ya dizeli ya 5L kuna taa ya T-BELT inayokumbusha kubadilisha mkanda. Taa hiyo yaweza kuzimwa hata kama mkanda haujaguswa, kwa hiyo kuzimika kwake si ushahidi wa kitu. Na kwa dizeli, mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu.

Tuchukue 4A-FE. Injini iwe imepoa, gia huru, breki ya mkono juu, waya wa betri umetolewa. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, zungusha upande wa saa mpaka mfuo wa puli ulingane na alama ya 0 kwenye kifuniko cha chini. Kisha tazama puli ya kamshafti: tundu lake dogo lazima lielekeane na alama ya kifuniko cha beringi nyuma yake. Lisipoonekana hapo, usishtuke. Krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo zungusha krenki duru moja zaidi, utazame tena. Likiwa bado pembeni kidogo, mkanda umeruka jino: gari litakuwa zito kuwaka na halitakuwa na nguvu mlimani.

Usizungushe kwa bolti ya kamshafti, wala usirudishe nyuma.

Sehemu inayorukwa na wenye haraka ni hii: mkanda mpya ukishafungwa na kukazwa, krenki izungushwe kwa mkono duru mbili kamili, alama zikaguliwe upya. Spana ikigoma njiani, acha; usilazimishe. Simama hapo gereji uzione alama hizo zikirudi mahali pake, ndipo umlipe fundi.