Mama Ana Baridi Yabisi: Zungumza Hivi na Ndugu Zako

Ikiwa mama ana baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia viungo, waambie ndugu zako mambo mawili kwa pamoja: sisi watoto wake tuko hatarini kuliko wengine, na wengi wetu hatutaugua. Ukitaja la kwanza peke yake, watakata tamaa. Ukitaja la pili peke yake, hakuna atakayeacha sigara.

Huku Kericho na Bomet utajibiwa, "Ni umande wa majani chai tu." Usibishane. Kuchuma chai kutwa kweli huumiza mikono, na baridi huzidisha maumivu, ingawa umande hauleti ugonjwa huu. Muulize dada yako kuhusu kukamua. Je, alfajiri vidole vinakataa kukunjika, chuchu ya ng'ombe haishikiki, kisha vinalegea jua likishapanda? Je, vifundo vya vidole vimevimba, mikono yote miwili? Maumivu ya kazi hupoa ukipumzika. Haya ya baridi yabisi huwa makali baada ya usingizi. Ugumu ukizidi nusu saa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, aende hospitali, iwe Kapkatet, Longisa au Tenwek, na neno la kwanza kwa daktari liwe, "Mama yangu anaugua baridi yabisi." Asianze na vidonge vya maumivu vya kemisti. Vinaficha uvimbe huku kiungo kikiendelea kuliwa.

Kwa asiye na dalili, sigara ndiyo ya kwanza kuachwa. Hakuna jambo lililo mikononi mwake lenye uzito zaidi. Apunguze unene, atunze fizi pia, kwani ugonjwa wa fizi umehusishwa na huu.

Kaka atauliza kama kuna dawa ya kuzuia. Swali zuri. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la sindano za dawa iitwayo abatacept, lililofanywa Uingereza na Uholanzi kwa watu 213 waliokwisha kuwa na maumivu ya viungo na kingamwili za ugonjwa kwenye damu. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, 6 kati ya kila 100 waliugua, dhidi ya 29 kwa wasiopewa. Zilipokoma, pengo lilipungua. Kwa hiyo bado si dawa ya kila mtoto wa mgonjwa. Vilevile, ikiwa mama anatumia methotrexate, dawa ya ugonjwa huu, mtu mwingine asigawiwe, hasa binti anayetarajia kushika mimba: huharibu mtoto tumboni.